Pete ya Grafaiti na Kidole cha Mjomba

Jumatatu, 3 Machi
Sili ya pampu ya maji moto, ile pete ya kuzuia maji yasipenye, imevuja tena. Ya tatu tangu mwaka uanze! Meneja wa kiwanda cha kufulia kasema ikivuja ya nne, aliyeifunga aende nyumbani. Aliyeifunga ni mimi. Mjomba, fundi mkuu, ndiye aliyeniingiza kazini. Kaniangalia kwa huruma tu.

Nimekuja nyumbani na pete ya sili iliyoharibika. Nyeusi, laini, grafaiti tupu. Nimeisugua hapa pembeni mwa ukurasa — inaandika! Binti yangu kacheka, eti mama kaleta penseli ya mviringo.

Jumanne, 4 Machi
Pete ina malengelenge! Uso umevimba vimba, kama kidole kilichoshika sufuria ya moto. Ufa hakuna. Haijalika upande. Sasa nini?

Jumatano, 5 Machi
Nimeipasha jikoni. Ikatoa jasho la mafuta. Pampu ni ya maji, mafuta yametoka wapi?

Nikaketi. Najua yalikotoka. Kila nikifunga, Mjomba huja na kopo la grisi, akaipaka pete kwa kidole, taratibu, eti isianze kazi ikiwa kavu. Kumbe ina vitundu, inanyonya. Ikipata moto, grisi inatafuta pa kutokea, inainua uso. Na grafaiti inateleza yenyewe! Maji kidogo yanaitosha. Jamani, Mjomba wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefunga mpya. Mjomba alipopaka grisi na kuondoka, nikaifuta yote kwa spiriti. Sijawahi kumficha kitu.

Ijumaa, 14 Machi
Siku ya nane. Hata tone! Nimeinama kuichungulia mara sita, mpaka wafuaji wananitania.

Jumatatu, 17 Machi
Naandikia chooni. Meneja kaita mafundi wote, kamsifu Mjomba. Naye kasema siri ni grisi, safari hii aliongeza. Meneja kaamuru: basi pampu zote nne zifungwe hivyo, leo leo, na fomu nisaini mimi. Miaka ishirini hakuna aliyemsifu Mjomba mbele za watu. Kacheka mpaka machozi. Nampenda mno, na nimekasirika mno.

Mjomba anagonga mlango, ananiuliza. Mama, unaumwa? Toka basi, meneja anataka wewe ndiye uwaeleze wenzako tulivyofanya.

Nimesema nakuja. Bado nimekaa.