Risasi Mia Kwenye Ubao

Alhamisi, baada ya chakula

Leo hamsini na nane kwa mia! Wiki iliyopita nilipiga risasi mia kwenye ubao wa mazoezi, ndani ya mchezo wa simu, na zilizoingia zilikuwa thelathini na moja tu.

Trésor, kapteni wetu katika mchezo huo, aliniambia mbele ya timu yote: «Clarisse, unapiga mingi, unapata kidogo. Kama haibadilike, Jumamosi tutachukua mwingine.» Iliniuma, kwa sababu ni kweli.

Nilidhani shida ni simu. Kumbe ni kidole. Leo papa aliniomba nizime sauti. Tangu vita, mlio wa bunduki, hata wa mchezo, unamharibia siku. Nilizima kwa hasira kidogo. Bila zile kelele nikaona vizuri: risasi mbili za kwanza zinaingia katikati, zingine zinapanda juu kwa sababu siachi kubonyeza. Nikaanza kuachia kila baada ya mbili.

Papa akaja kusimama nyuma yangu. «Unamupiga nani?»

«Hakuna mutu, papa. Iko ubao tu.»

Akavuta kiti. «Bon. Piga, mimi nitahesabu.»

Alihesabu matundu yote moja moja, na hakuniongezea hata moja.

Ubao hautembei, najua. Wale wa timu ya Makiso tutakaocheza nao Jumamosi watakimbia, na hapo sijui kama…

Lakini nimeshamwandikia Trésor: «Usitafute mutu mwingine. Niko.»