Ukili Ukutani

Mabawa, Tanga
Ijumaa, Mfungo Tano

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Time,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo, mama. Ama baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Najat anakuamkia, na mjukuu wako Sheha anaota meno, kwa hiyo nyumba nzima tumekuwa walinzi wa zamu. Najua utauliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Kwenye simu, mama, unanikatisha. Nikitamka tu neno njoo, unaanza habari za kuku. Barua haikatishwi. Na wewe Tuhfa, dada yangu unayemsomea, soma taratibu, wala usiruke mahali ukadhani sitajua.

Mama, nimekuomba mara nyingi uje kukaa nasi Tanga, nawe hukosi sababu. Kwanza walikuwa hao kuku. Kisha karafuu, kana kwamba bila wewe zitagoma kukauka. Mwisho ukasema bajaji za Mabawa zina kelele. Nilicheka, lakini iliniuma. Tangu baba afariki sitandiki mswala bila kuwaza mlivyo peke yenu wewe na Tuhfa huko Konde, Pemba. Basi nia ya barua hii ni ile ile moja, uje. Ila leo nitapita njia ndefu kidogo, kupitia kiwandani.

Uliwahi kuniuliza marumaru hutengenezwaje, nikakujibu ovyo kwamba ni mashine tu. Sikukutendea haki. Ni udongo, mama, kama huo wa kufinyangia vyungu. Unachanganywa na mawe laini, unatiwa maji ndani ya pipa kubwa kuliko chumba chako, na pipa linazunguka hadi vyote vinakuwa uji mwepesi usio na chenga. Uji unachujwa, kisha unarushwa juu ndani ya mnara wa joto kali. Unapanda uji, unashuka unga. Ukiufumbata unashikana kidogo, kama unga wa mchele uliotwangwa ungali na unyevu.

Unga huo unamiminwa kwenye kalibu na kukandamizwa. Mashine ikishuka, sakafu inatetemeka hadi magotini. Kinachotoka kimenyooka vizuri, lakini ukikibonyeza vibaya kinakatika kama kashata. Kinakaushwa, kinachomwa mara ya kwanza, halafu kinapita chini ya pazia la uji mweupe wenye vioo vilivyosagwa. Huo ukirudi motoni ndio unaokuwa mng'aro. Tanuri letu ni refu kama mtaa. Vipande vinaingia upande huu, vinatoka upande wa pili kabla wali wako haujakauka. Marumaru za ukutani ni nyepesi kuliko za sakafuni, na ukizigeuza mgongo zinakunywa maji.

Mimi nakaa mwisho kabisa, kwenye kuchambua. Moto hauna adabu, leo unatoa weupe wa maziwa, kesho weupe wa tui. Mwingine anaona zote ni nyeupe, mimi naona tofauti na kuzitenga, maana zikichanganywa ukuta mmoja nyumba inaonekana ina viraka. Najat ananicheka kwamba hata sokoni nachambua rangi za vitunguu.

Sasa lipo jambo, na nashukuru bahari iko katikati, usije ukanirushia kiatu. Ule mkeka ulionipa nilipokuja huko Idi kubwa, nimeukata. Nimetoa kipande cha shibiri moja pembeni, nikampelekea Nehemia, fundi wetu wa kalibu, Mbondei wa Muheza. Alikigeuzageuza, akasema aliyesuka ukili huu, msuko huu wa miyaa, ana mkono ulionyooka kuliko mashine zake. Mkubwa wa zamu akaturuhusu kutumia mashine ndogo ya majaribio. Nehemia akachukua chapa ya ukili kwa plasta na kutengeneza kalibu, ili marumaru itoke na ukili wako umeinuka juu yake, kila chane ya miyaa mahali pake. Za kwanza zilipasuka kwenye kukaushwa, kwa sababu chapa ilizama mno. Za pili tulimwaga uji mzito wa kung'arisha, ukajaza mifereji yote, kidole kikapita bila kugundua kitu. Safari iliyofuata tukaupunguza uji, zikatoka. Nilipofika nyumbani nilimfunga Najat mtandio machoni, nikamwekea moja mkononi. Alipapasa kidogo tu, akasema ni mkeka wa mama.

Mama yangu, sasa nisikilize. Mkeka ule Najat aliusifia rangi, akadhani ni mtindo mpya. Mimi niliutandaza chini, nikautazama kama ninavyotazama kazini. Tangu nipate akili, mikeka yako ina zambarau pembeni na nyekundu katikati. Katika huu, ukili mmoja umeanza na nyekundu ukamalizikia na kijani, na zambarau imetokea mahali pasipokuwa pake. Kusuka hakuna kosa hata moja. Ni rangi tu zilizopotea. Nilikaa juu yake nikalia, Najat akadhani kumeingia msiba. Nikakumbuka siku ya Idi ulivyonishika mashavu kwa mikono miwili, ukanipapasa paji na pua kwa muda mrefu, nami nikafurahi nikidhani ni hamu. Nikakumbuka mwaka mzima hujanikosoa mwandiko wa vikaratasi ninavyoweka kwenye mizigo yako, wewe ambaye hukuwahi kunisamehe herufi iliyolala.

Najua huoni, mama. Tuhfa hakuniambia. Bila shaka ulimwapisha, na kiapo chako amekitunza, kwa hiyo usimlaumu. Tuhfa, usiishie hapo, endelea kusoma. Najua pia kwamba kuku hawana hatia. Huko kwako mikono yako inajua kila mlango. Hapa uliogopa kuongozwa chooni kama mtoto, na Bi Time ninayemjua mimi haongozwi. Nami sitaki kukuongoza. Daktari wa macho yupo hapa mjini, tutakwenda, huenda Mungu akajalia. Asipojalia, ukuta upo. Kutoka kitandani kwako hadi chooni, na kutoka kitandani hadi jikoni, nitaupanga ukili wako mstari mmoja usiokatika. Penye mlango nitaulaza kinyume, mkono ujue umefika. Zote ni nyeupe, nimezichambua mwenyewe. Hakuna rangi ya kukosea.

Tuhfa, ndani ya kanga niliyofungia barua hii kimo kipande kimoja. Mpe mama mkononi, usiseme kitu.

Mama, bado sijazibandika. Fundi ananiuliza zikae kimo gani, nami nimemwambia angoje, kwa kuwa mkono wako ninaoukumbuka mimi ni ule uliokuwa ukitua kichwani kwangu. Naomba unisukie ukili mwembamba. Simama, Tuhfa aupime kutoka sakafuni hadi kiganja chako kinapotulia, muukate hapo hapo. Usinipigie simu, wala usinieleze lolote. Nitumie ukili huo tu, nami nikiupokea nitajua unakuja, na inshallah Maulidi yatatukuta pamoja. Wa rangi yoyote, mama.

Wasalimie majirani wote, na hao kuku pia wape salamu zangu, wameshinda vya kutosha. Najat anakubusu mikono, na Sheha naye, ingawa siku hizi busu lake linauma.

Wako mtiifu, ambaye bado anangoja kupimwa kwa mkono wako,

Mwanao Hilal