Neno Ulilolifukuza Nyumbani

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limepunguza ukorofi. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako anakula kama fundi wa zege, na meno mawili ya mbele yamemtoka.

Mama, leo naandika neno usilolitaka: kuelea. Tangu jirani alipokuja mlangoni kukwambia Baba ameonekana mtoni, anaelea, ulilipiga marufuku. Kijiko cha mbao kwenye beseni tukawa tunasema kimekaa juu ya maji. Kaka alipokwambia hesabu zimemwelea, alikula kofi wala hakujua kosa lake. Na mimi nilipokuwa mjamzito, moyo ukinielea kila asubuhi, nilikudanganya kwamba ni usingizi tu. Nilikuonea huruma nikanyamaza. Sasa nimechoka.

Nilikwambia mimi ni karani katika ofisi ya shule. Si kweli. Huu mwaka wa tatu nafundisha kuogelea kwenye bwawa la shule hiyo, na neno lako nalisema mpaka sauti inanikauka. Elea! Masikio ndani ya maji, tumbo juu, jaza kifua pumzi, acha kupigana. Naweka kiganja chini ya mgongo wa mtoto, halafu nakiondoa polepole bila kumwambia. Wazazi wanalalamika kwamba nina mdomo mkali. Nawajibu kuwa maji ni makali kunishinda.

Mama mkubwa amegundua. Alinipigia simu akaniambia niache kazi kabla hujasikia, la sivyo nisikanyage tena kwako. Nimemjibu siachi. Baba hakuuawa na neno, Mama. Alielea maiti kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuelea akiwa hai. Hilo linaniuma kuliko unavyodhani.

Na kuna jingine. Mjukuu wako naye anaelea. Nilimfundisha mwenyewe, ingawa nilikuapia hatasogelea maji. Jumamosi namleta likizo, naye hajui kama kwako kuna neno la kuficha. Sikumwambia na sitamwambia. Akilitamka mbele yako, mkono wako usimguse. Nitakuwa nimesimama hapo hapo. Nipige mimi.

Msalimie sana Kaka na wote wa nyumbani.

Ni mimi mwanao asiyesikia,
Kitinda mimba wako