Kuvuka Salama Si Busara

Kaka yangu,

Pokea salamu zetu. Kikohozi cha Mama kimepoa, na fundi amemaliza kuziba paa.

Nasikia bado unawasimulia watu ulivyovuka daraja lililofurika siku ile tukitoka kwa shangazi, na wifi anakuita shujaa. Shujaa wa nini? Maji yalikuwa yamefunika barabara. Hukujua kina chake, wala kama daraja lilikuwa bado zima. Nilikusihi, "Kaka, tusubiri yapungue, hakuna anayetukimbiza." Ukanijibu, "Tulia, mimi najua." Ulijua nini? Maji yalilisukuma gari lako mpaka ukingoni mwa daraja, nami nimemkumbatia Mama kiti cha nyuma, sote tunalia.

Tulivuka, sikatai. Lakini kuponea chupuchupu hakuugeuzi upumbavu kuwa busara. Ulicheza kamari na roho ya mama yetu, na kungoja kusingekugharimu ila subira kidogo.

Mbele ya wageni Mama anakusifu kama wengine. Ila jana nilipomwambia unakuja kumpeleka kliniki, alisema, "Mwambie asijisumbue, mwanangu. Nitakwenda kwa miguu."

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda pamoja na hasira zangu.