Mtu Aliyenunua Jina la Molisale

Port Vila,
Jumatano mchana.

Baba yangu mpendwa,

Salamu kwanza, ingawa moyo unanisukuma nianze na jambo lenyewe. Hamjambo hapo nyumbani? Mguu wako umepoa, au bado unapanda nao mlima kwa ubishi? Na kifua cha Mama kinasemaje? Ile dawa yake ya kuchua nimeinunua, imo kwenye mfuko huu pamoja na pakiti mbili za biskuti. Hizo biskuti ni zake yeye, si za watoto wa jirani, umwambie nimesema mimi. Betri za redio ulizoagiza sikuzituma, na si kwamba dukani zimekwisha. Mimi mwili ni mzima. Mengine yasome polepole, ukiwa umekaa, na nakuomba usome peke yako.

Barua hii anakuletea Mwalimu Jonwil, anayerudi huko kwa ndege ya kesho Alhamisi. Ameniambia mnara wa simu bado umelala tangu kile kimbunga. Ungekuwa umesimama ningekupigia, au labda nisingekupigia, maana kuna maneno siwezi kuyasema hata peke yangu.

Unaijua kazi yangu kwa Bwana Fabrice, wakala anayewauzia wageni uraia wetu. Mara ya mwisho nilipokuja kukueleza ulicheka mpaka ukapaliwa. Ulisema kwetu mtu akitaka kuwa wa kwetu analeta nguruwe, analeta mikeka myekundu, anapewa mama, anapewa jina, ndipo anakuwa mtu. Sasa hao wa Bwana Fabrice wanaleta nini? Nikakujibu kwamba wanaleta sarafu za mtandaoni, zisizoshikika mkononi, zinatoka kwenye kompyuta ya huko zinaingia kwenye kompyuta ya wakala huku, na baada ya wiki sita wanakuwa raia wenzetu. Ukaniuliza kama na mguu wa kukanyaga kisiwa nao wanautuma kwa kompyuta. Watu wote pale uwanjani walivunjika mbavu, nami nikacheka nao. Ndiyo, Baba, hata mguu hawaleti. Kiapo wanaapa kwenye kioo cha kompyuta, sisi tuko huku wao wako kwao, halafu pasipoti tunawatumia kwenye bahasha. Katika miaka mitatu niliyokaa kwenye meza ile nimewaona wateja wengi kwa sura, lakini hakuna hata mmoja niliyewahi kumpa mkono.

Basi juzi Jumatatu nilikuwa naosha vyombo asubuhi, redio ya jirani inasoma habari. Ikasema anatafutwa mtu aliyekuwa na soko la sarafu hizo huko ng'ambo, amelifunga na kutoweka na akiba za watu zaidi ya elfu tisa, wastaafu, wauguzi, watu wa kawaida tu. Ikasema ni raia wa nchi yetu, aliingia kwa ndege Jumapili. Kisha ikataja jina lake. Molisale Tabi. Ikalirudia mara ya pili, pole pole, kama inavyosoma matangazo ya vifo. Sahani ilinitoka mikononi. Niliketi chini jikoni na suruali yangu ikalowa maji ya vyombo, na sikusimama mpaka mama mwenye nyumba aliponijia akidhani nimeanguka.

Najua unachokiuliza sasa hivi: jina la mwanangu limefikaje huko? Nimelipeleka mimi.

Nisikilize, Baba, kabla hujaitupa barua. Mwaka jana alikuja mteja kwenye kioo, akiitwa Radomir, mtu wa nchi za baridi. Pamoja na uraia alitaka jina jipya, la wenyeji, akisema anataka kuanza maisha upya. Bwana Fabrice akaniambia nimpe jina lolote la kwetu, zuri, lisilo refu, na nifanye haraka maana alikuwa anatoka kwenda kula. Ningeweza kuandika jina la mtaa, jina la mto, hata jina la mbwa wetu. Nikaandika la Kaka.

Unakumbuka Kaka Molisale alivyosota na pasipoti. Miezi saba, akienda na kurudi, apate kwenda Nyuzilandi kuchuma tufaha na wenzake. Hakuna aliyemdhulumu, aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa, na daftari la zahanati yetu lilikuwa limeozea kwenye mafuriko, basi ikawa leo lete shahidi, kesho lete barua ya mchungaji. Huku anangoja akafanya kibarua bandarini, na hapo bandarini ndipo mbao zilipomwangukia. Tulimrudisha nyumbani ndani ya sanduku, mimi nimeshika cheti cha kifo. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya serikali iliyopata kuandikwa jina lake. Wewe ukasema mbele ya ukoo kwamba jina lilale, asiitwe nalo mtu, mpaka apatikane mtoto anayelistahili, na utaliamsha wewe mwenyewe kwa kumchinja yule nguruwe dume wa meno yaliyopinda. Miaka minne sasa unamlisha kwa mkono. Nayajua hayo yote, na nilipoandika nilikuwa nayajua.

Nilitaka kuona pasipoti yenye jina lake, basi. Ilipokuja niliitoa kwenye bahasha wakati wa chakula cha mchana, nikafunika picha kwa kidole gumba, nikasoma. Nikajidanganya kwamba yule mtu yuko mbali, hatakanyaga huku maisha yake yote, hakuna mtu wa kwetu atakayejua. Siku ya kiapo nilimfundisha neno la kuitika akiitwa, na hata kulitamka jina lenyewe, maana alikuwa analivunjavunja. Mara tatu nilimsahihisha. Mara ya nne alilisema sawasawa, na mimi nikamwambia vizuri.

Jana Jumanne, nikiwa peke yangu ofisini kwa kuwa Bwana Fabrice tangu tangazo lile hapokei hata simu yangu, mlango ukafunguliwa akaingia yeye. Mrefu, amekonda, masikio yameungua jua, shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Nilimtambua mara moja. Akaniambia mimi ndiye mtu pekee anayemfahamu katika nchi hii. Nikamwambia simfahamu na atoke. Akasema pesa anazo, nyingi kuliko ninavyoweza kufikiri, ufunguo wake ni maneno ishirini na manne aliyoyahifadhi kichwani, ila kila mahali anapozigusa watajua alipo, kwa hiyo tangu Jumapili hajala. Tajiri wa namna hiyo sijapata kumwona, Baba, anakodolea macho mkate wangu. Kisha akauliza jina lake linatoka kijiji gani. Akasema aliahidiwa nchi, na mtu mwenye nchi ana kwao. Nilimwambia kwao ni kule alikoiba. Nilifungua mlango nikamwonyesha njia, na mkate sikumpa.

Nilidhani nimemfukuza. Kumbe alikwenda moja kwa moja bandarini, akawa anauliza kila mpakizi ndugu zake Molisale Tabi wako wapi. Na pale bandarini wapakizi ni akina nani? Ni vijana wetu, wale wale waliofanya kazi na Kaka.

Alasiri Chifu Hango, mkubwa wa watu wetu hapa mjini, akanipigia simu. Alisema nije bandarini upesi, kuna ndugu yangu hapo. Nilipofika nilikuta wamemkalisha juu ya magunia ya mchele, kwenye kivuli, amepewa mkate na samaki wa kopo, anakula kwa mikono yote miwili. Vijana wamemzunguka wanamtania kwamba Molisale kaenda ahera mweusi karudi mweupe, huko lazima walimsugua kwa sabuni ya kufulia, na kwamba zamani alikuwa anabeba gunia mbili, sasa hata kopo la samaki linamtetemesha. Yeye haelewi neno la kwetu, anacheka wanapocheka. Habari ya redio walikuwa wameisikia wote. Polisi walikuwa wanamtafuta mahotelini, kwa kuwa ndiko watu wa rangi yake hulala.

Chifu Hango akanivuta pembeni. Unamjua alivyo, maneno machache na macho hayahami usoni pako. Alisema wizi ni wizi na yule mtu atakwenda kujibu, hilo halina mjadala. Lakini mtu mwenye jina la nyumba fulani ana baba, na kosa la mtoto hupelekwa kwanza kwa babake, baba ndiye anayemshika mkono kumpeleka kwa waliodhulumiwa na kulibeba kosa pamoja naye. Ndivyo tulivyofanya kwa kila mtu wetu aliyeharibu mjini, na huyu hatafanyiwa pungufu. Meli ya mizigo ya kwetu ilikuwa inaondoka alfajiri, angepanda. Lilibaki swali moja tu, nalo aliniuliza mimi kwa kuwa mimi ni mtoto wa nyumba ile. Je, Baba yako alimchinjia nguruwe? Kama hakuchinjwa nguruwe, akasema, basi jina limeibwa, huyu si mtu wetu, nampigia polisi sasa hivi, na wewe utatuambia aliyeliiba ni nani.

Ilikuwa rahisi, Baba. Neno moja la kweli, ningetozwa faini, ningeaibika mbele ya vijana wale, ningelia wiki moja, jina lingerudi kwako likiwa na doa lakini likiwa lako. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Ila nilikuwa na hasira, na kabla ya kumjibu Chifu nikamgeukia yule mtu nikamwita kwa sauti kubwa, nimtukane mbele ya watu. Nikaita, Molisale.

Akageuka. Akaacha kula, akasimama, akasema naam, kama nilivyomfundisha kwenye kioo.

Miaka minne sijaliita jina hilo mtu akaitika. Sikuwa najua kama bado linauma vile. Nikashikilia kamba ya meli. Chifu Hango akarudia swali lake, na mimi mwanao, niliyelelewa na wewe, ambaye hukuwahi kunifumania na uongo hata wa embe, nikasema ndiyo. Nikasema Baba alichinja, dume wa meno yaliyopinda, mwezi wa Agosti, mkeka Mama alisuka mwenyewe. Nilimwongezea hata mkeka, hakuniuliza. Vijana wakampigapiga mgongoni. Mmoja akamwambia sasa atajua uchungu wa kupanda mlima wa kwetu na gunia la viazi vikuu.

Hilo ndilo nililotaka kukuambia. Leo alfajiri meli imeondoka naye. Nilisimama gatini nikaona inatoka, na nilipofika nyumbani ndipo akili ilipoanza kunirudia, nami naandika tangu saa hiyo.

Sasa mzigo ni wako, na ninaona haya kukutwisha. Ukisema kweli, kwamba hukuchinja, mimi ni mwizi wa jina la marehemu na mwongo mbele ya Chifu, na sitakuwa na uso wa kurudi hapo. Sitakulaumu. Nitakiri mwenyewe, na faini nitalipa. Ukinyamaza ukaniachia uongo wangu usimame, basi yule ni mwanao, na watu elfu tisa wanaolia huko ng'ambo wanakudai wewe, mzee usiyewahi kuchukua hata nazi ya mtu. Tena jina la Kaka litakuwa limekwisha kupewa, na mtoto atakayezaliwa kwetu hatalipata. Njia ya tatu nimeitafuta tangu alfajiri, sikuiona. Sikuombi unisamehe ndani ya barua, hilo nitakuja kuliomba kwa magoti. Naomba tu uamue ukiwa umekwisha kula.

Nisalimie shangazi wote, mchungaji, na Rosela aliyefunga ndoa nami sikuhudhuria. Mwambie mchungaji asinitaje kwanza kwenye maombi ya hadhara. Mwalimu Jonwil umpe ndizi kwa kazi yake, hajui alichobeba.

Meli itafika kwenu Jumamosi asubuhi. Chifu Hango amewaagiza mabaharia wasimshushe kimya kimya; wakikaribia nchi kavu wamwite kwa jina lake, kama anavyoitwa mtoto wa nyumba anaporudi, na yeye aitike. Baba, nakusihi, usimruhusu Mama awe ufukweni.

Ni mimi mwanao,
Anolin