Sahihi Yangu Chini ya Neno "Naachia"

Jumanne, Kosele. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haijanyesha. Nami niko hivyo hivyo, kifua kimejaa na machozi hayatoki.

Leo nimegundua kwamba nilimsaidia mtu kupoteza shamba lake.

Wanaonisoma hapa wanaijua kazi yangu. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Watu huniletea karatasi za korti zilizoandikwa kwa Kiingereza kigumu, nami nawasomea kwa maneno ya kawaida. Nimejivunia sana kazi hii. Mara ngapi nimewacheka mawakili humu kwa maneno yao marefu?

Mwaka jana Min Atieno, yaani mama yake Atieno, jirani yangu mjane, alikuja na shemeji yake anayefundisha Migori. Shemeji alikuwa na fomu ya mirathi. Ilisema mjane anajiondoa kabisa kwenye haki yake ya kusimamia na kurithi shamba la marehemu mumewe. Nikatafuta neno jepesi. Nikamsomea: naachia shemeji yangu mambo ya shamba. Akaitikia kwa Kijaluo, "Aweyone," yaani nimemwachia, akaweka kidole gumba kwenye wino. Shemeji alikaa na kofia yake magotini.

Nilifurahi. Neno moja tu, na mama ameelewa.

Leo asubuhi wapimaji wamekuja kupigilia vigingi katikati ya mihogo yake. Akaja kwangu bila hata ndara.

"Nyathina, mwanangu, hawa watu wanapima nini kwangu?"

Nikamkumbusha ile karatasi. Akanitazama kama mtu anayesubiri nimalize mzaha.

"Si nilimwachia tu afuatilie? Mimi nitaenda Homa Bay kila saa na hii miguu? Hata nikienda soko si nakuachia kuku? Kuku inakuwa yako?"

Kwetu kumwachia mtu kitu ni kumpa kazi ya kukiangalia mpaka urudi. Mimi ni wa hapa hapa, nimeachiwa sufuria jikoni tangu nina miaka sita, na hakuna siku niliyodhani sufuria ni yangu. Nilijua. Siku ile nilikuwa na haraka ya kuonekana hodari. Ningemwambia unatoa shamba na halitarudi, angejifunga leso yake akaenda zake nyumbani.

Nimempigia wakili mmoja wa Homa Bay. Akaniuliza kama fomu ina sahihi ya mtu aliyemsomea. Ndiyo, ipo. Chini ya alama ya kidole chake imeandikwa: nimemsomea kwa lugha anayoielewa, naye ameelewa. Halafu jina langu, na sahihi yenye mkia mrefu niliyoifanyia mazoezi nikiwa shule.

Wakili akasema tunaweza kuiomba korti ifute, ila huo mstari ndio wa kwanza watakaousoma dhidi yake. Hakuniahidi kitu.

Najichukia leo. Nalisema bila kupunguza.

Kesho tunakwenda Homa Bay na hati ya kiapo. Natakiwa kuapa kwamba hakuelewa, yaani kwamba niliweka sahihi kwenye jambo lisilo la kweli, na sijui kama kuna atakayeamini kiapo changu cha pili baada ya kuona cha kwanza. Mchana nilimwomba Min Atieno aniambie kwa maneno yake tuandike nini.

"Andika hii shamba ni yangu. Sijapea mtu."

Nimeshinda na sentensi hizo mbili mezani, nikijaribu kuzigeuza zifae korti. Kila nikigusa neno naziharibu. Nimeziacha zilivyo.

Alipokuwa akitoka, alisimama mlangoni akaniuliza, kwa upole kabisa, kama na hii nayo ni mimi nitakayemsomea kabla ya kuweka kidole.

Nilijifanya natafuta kalamu. Kesho asubuhi ataniuliza tena, na sijui nitamjibu nini.