Kwa Baba Yetu Hezekiah Purdom, Aliyetoka na Ndoo

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokufumba macho katika chumba cha mbele, theluji ya mwisho ikidondoka kutoka paani.

Wale waliopigwa risasi na askari wa mfalme wakafa papo hapo pale Barabara ya King walizikwa na mji mzima wa Boston, kengele za makanisa zikilia na maduka yamefungwa. Wewe ulikaa na risasi nyongani mpaka Aprili, ukaenda kimya kimya, ukazikwa na watu wa mtaani na wenzako wa banda la kamba. Ndiyo maana tunaandika tangazo hili gazetini. Waliokusahau wasome, na wanaokukumbuka vibaya nao wasome.

Ulikuwa msokota kamba. Kutwa nzima ulijifunga katani kiunoni, ukatembea kinyumenyume toka mwanzo wa banda hadi mwisho, uzi ukirefuka mbele yako. Hata nyumbani ulikuwa na tabia hiyo. Ulituaga ukirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, na Mama alikuwa akisema, "Mume wangu ndiye mwanamume pekee mjini ambaye sijawahi kuuona mgongo wake." Mikono yako ilinuka lami. Mwezi wa kwanza baada ya mazishi, mdogo wangu Asaph alilala na fulana yako ya kazini akikataa isifuliwe.

Hukuwa mtu wa maneno makali. Askari wa mfalme walipokuwa wakija bandani kutafuta vibarua, kwa kuwa mshahara wao hauwatoshi, Mjomba Zadok ndiye aliyekuwa akiwapokea. Alimwambia mmoja, "Kazi ipo, koti jekundu. Mbwa wa bosi anataka wa kumchana viroboto." Watu wote wakacheka. Wewe ukakata mkate wako wa mahindi, ukampa yule kijana kipande.

"Shemeji," akasema Mjomba, "unalisha nyoka."

Ukamjibu, "Nyoka hali mkate, Zadok. Huyu ana njaa tu."

Mjomba alitusimulia kisa hicho mara nyingi, nasi tulidhani anakisimulia kwa kukusifu. Siku hizi kila anachosema mtu tunakigeuza upande wa pili kwanza.

Ulikipenda chama chako cha kuzima moto kuliko kitu chochote nje ya nyumba hii. Ndoo zako mbili za ngozi zilining'inia karibu na mlango, jina lako limeandikwa kwa rangi nyeupe, na juu yake mfuko wa kuokolea vyombo vya watu. Katika vikao vyenu vya robo mwaka mlipeana neno la siri, ili nyumba ikiungua, mwizi asijifanye mwokozi. Ulikuwa ukirudi kutoka kikaoni unatunong'oneza neno mimi na Mama, basi. Ulisema, "Asiyelijua msimfungulie, hata akiwa na ndoo tatu." Mwaka mzima wa nyuma neno lilikuwa nanga. Ule mwezi wa Januari likawa mbayuwayu. Hukutuambia kwa nini lilibadilika ghafla vile, wala kilichosemwa kikaoni, maana mlikuwa mmeapa. Katika mtaa wetu wanachama mlikuwa watatu: wewe, Mjomba Zadok, na Bwana Elnathan Cobbold mwenye duka la pembeni. Wengine wote wanakaa upande wa pili wa mji.

Jioni ile ya Machi tulikuwa tumemaliza kula. Mji ulikuwa umechafuka tangu askari na wasokota kamba walipopigana marungu bandani kwenu. Wewe ulikaa nje ya ugomvi ule, ukaitwa mwoga. Ukaweka komeo, ukasema, "Leo hatoki mtu."

Kengele ya kanisa ikaanza kulia. Mama akasema, "Moto."

Ukasema, "Kamba ya kengele yaweza kuvutwa na mkono wowote." Ukabaki umekaa, lakini mguu wako ulikuwa unatikisika.

Kengele ilikuwa haijanyamaza mlango ulipogongwa. "Mbayuwayu! Hezekiah! Mbayuwayu, moto!" Sauti ilikuwa ya mtu aliyejifunga kitambaa mdomoni. Tulidhani ni kwa ajili ya baridi.

Ukainuka hapo hapo. Ulipofungua, mtu alikwisha kuondoka. Ukatupia mfuko shingoni, ukachukua ndoo, ukaniambia, "Komea nyuma yangu, Keturah." Ukatoka.

Hapakuwa na moto popote. Kulikuwa na watu wanaotupa barafu na matusi, na askari wachache mbele ya nyumba ya ushuru wenye bunduki zilizojaa. Watu walikurudisha umepigwa risasi, wamekulaza juu ya ubao wa dirisha. Ndoo ilikuwa imekanyagwa, lakini kulikuwa bado na maji kidogo ndani, yameanza kuganda.

Tunaandika hili kwa ajili ya mawakili wa askari waliosema mahakamani kwamba kila aliyekuwapo alishika rungu. Tunaandika pia kwa ajili ya wale wanaouza picha ya tukio lile madirishani. Tumeiangalia sana picha hiyo, Baba. Ina moshi mwingi na damu nyingi, wala haina ndoo hata moja.

Siku zile ulipokuwa kitandani, Mama alikuuliza nani aligonga. Ulisema, "Mwenzetu. Alijua neno." Akakubembeleza umtaje. Ukasema hukumwona uso, na mtu usiyemwona uso humtaji jina. Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Umetuachia heshima hiyo, lakini sisi hatukuiweza.

Mjomba Zadok ndiye aliyetufungulia njia. Tulikuwa tunakula maharage ya Jumamosi, akasema, "Dada, hesabu mwenyewe. Mtaani tulikuwa watatu tu. Mmoja amekufa. Mmoja ni mimi, ndugu yako wa damu. Wa tatu anawauzia askari chai na sukari."

Basi mwaka mzima tukaishi tumempa Bwana Cobbold mgongo. Mama aliacha kununua kwake, akawa anatembea hadi sokoni kwenye matope. Bwana Cobbold alipotuletea mchuzi wa kuku baada ya mazishi, Mama aliunusa, akaumwaga nyuma ya nyumba, na paka alipoulamba tukakaa tukimtazama paka. Kanisani nilikuwa nikiangalia kisogo chake badala ya mhubiri. Akikohoa, nilisikiliza kama kikohozi kinafanana na sauti ile. Akitusalimu, tulijiuliza anataka nini. Asipotusalimu, tulisema dhamira inamsuta. Mtu akishashukiwa, Baba, hakuna namna ya kutembea barabarani isiyokuwa ya mwizi.

Kisha Februari hii bomba letu la moshi likashika moto. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Mama ameweka chungu cha maharage motoni. Masizi yaliwaka, na cheche zikaanza kudondoka juu ya vigae vya mbao. Wanaume wengi walikuwa makazini, Mjomba akiwa bandani. Mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Nanga!" mtu akapiga kelele. "Mama Keturah, nanga! Fungua!"

Alikuwa Bwana Cobbold. Mama akaegemeza mgongo wake mlangoni. "Neno hilo limekufa zamani! Toka kwangu! Ulikuja na jingine ulipokuja kumchukua mume wangu!"

"Jingine lipi? Mimi nimeachwa na hilo hilo!"

"Mwongo! Chama kizima mlilibadilisha Januari!"

"Walilibadilisha kwa sababu yangu, mama! Walinifukuza kikaoni kabla hawajachagua jipya, kwa ajili ya chai ninayowauzia askari. Marehemu mumeo ndiye aliyenisindikiza hadi mlangoni. Nichukie kesho! Paa lako linaungua leo!"

Mama hakusogea. Mimi unanijua, sauti yangu haitoki mbele ya watu, na sijui kama niliwahi kumpinga Mama hata juu ya chumvi. Siku ile nilimshika mabega nikamtoa mlangoni, nikafungua.

Aliingia na magunia yaliyoloweshwa, akapanda ngazi, akaziba bomba juu, akaunguza nyusi zote mbili. Wanawake wa jirani walipeana ndoo toka kisimani. Nyumba ikapona. Bwana Cobbold akashuka amekuwa mweusi kama chungu, akamwambia Mama, "Sasa waweza kuendelea kutonisalimu."

Mama hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya kigoda cha jikoni, ananitazama mimi, nami namtazama yeye. Asiyekuwapo kikaoni asingeweza kulijua neno jipya. Tukarudia hesabu ile ya Mjomba: mtaani walikuwa watatu.

Jioni Mjomba Zadok alikuja kula kama kila Jumamosi, akisikitika juu ya bomba. Maharage yalinuka moshi. Alikuwa ameanza kula niliposema, "Mjomba, Bwana Cobbold alifukuzwa chamani Januari?"

"Nani amekwambia?"

"Alifukuzwa?"

"Hayo ni mambo ya wanaume, Keturah. Tuliapa."

"Basi nani mwingine mtaani alilijua neno la mbayuwayu?"

Akaweka kijiko. Akasema kengele zilikuwa zinalia mji mzima, nani angejua kwamba hakuna moto. Mama akamwuliza, "Wewe ulijua?" Akakichukua tena kijiko. Mama akarudia, kwa upole zaidi, "Zadok, mwana wa mama yangu, ulijua?"

"Nilitaka tuwe wengi," akasema Mjomba. "Basi. Askari wakiona watu wengi hurudi kambini na aibu yao. Nani alijua kwamba watapiga? Niligonga milango yote ya wanachama niliyoweza kufika. Hezekiah asingetoka kwa ajili ya ugomvi, dada. Unamjua. Kwa ajili ya moto angetoka."

Asaph aliendelea kutafuna, maana yeye hakuelewa. Kisha Mama akachukua bakuli la Mjomba lililokuwa bado limejaa, akaliweka juu ya rafu. "Ulijua atatoka," akasema. "Ndiyo maana ukalitumia neno. Halafu umekula hapa mwaka mzima ukiinyooshea kidole nyumba ya jirani."

Mjomba alilia, Baba. Sisemi hakulia. Alisema atasimama katika kikao cha Aprili na kulisema mbele ya chama chote, na mbele ya Bwana Cobbold atakayeitwa, ili mji ujue wewe hukwenda kupigana na kwamba jirani huyu hakukuita. Kikao kimefanyika wiki iliyopita. Alikuwapo. Walijadili bei ya ndoo na ngazi mpya. Hakusema neno.

Sasa anatuma salamu. Anasema akizungumza, watetezi wa askari watashangilia: kumbe wenyewe waliwaita watu kwa hila. Anasema nchi inakwenda mahali pakubwa na jambo hili ni dogo. Labda ni kweli kwamba nchi inakwenda mahali. Lakini tunamwangalia kila anayetuambia hivyo, na tunajiuliza aligonga milango ya nani. Wala hatujawasamehe waliofyatua. Tunaziweka hesabu mbili, kila moja mahali pake.

Bwana Cobbold bado anawauzia askari chai, na sukari yake bado ina mchanga. Mama ameanza tena kununua kwake, naye humpimia mara mbili, nasi hatujui bado kama ni wema au ni woga. Tabia hii ya kushuku imeingia mwilini, itachukua muda kutoka. Wewe hukuwa nayo. Ungekuwapo ungemwambia Mama, "Mehitabel, mtu kakupimia sukari, sema asante."

Tunakukosa mezani. Tunakukosa pale ulipokuwa ukiimba zaburi kwa sauti isiyofika juu, ukiiacha katikati na kuendelea chini. Asaph ameanza kujifunza kazi ya kamba, na Mama amemkataza kwenda katika banda lile lile. Mimi nasokota nyumbani.

Wanaokukumbuka ni mke wako Mehitabel. Watoto wako Keturah na Asaph. Dada yako, Shangazi Jerusha wa Roxbury. Na jirani yako Elnathan Cobbold, ambaye Mama mwenyewe alivuka barabara kwenda kumwomba tuliandike jina lake.

Mjomba Zadok naye ameomba aandikwe. Mama amesema jina lake litaingia siku atakayosimama mbele ya watu na kusema alichokisema mezani kwetu, si kabla. Kwa hiyo mstari wa mwisho wa tangazo hili tumeulipia na tumeuacha mtupu, na watu wa mtaani watakapouliza ni wa nani, tutawaambia wamwulize yeye.

Hutatoka mioyoni mwetu, Baba.